Zukini Haingoji Siku Saba

Mama aliyekuwa mbele yangu dukani alifungua pindo la kanga, akatoa zukini tano, mboga ya jamii ya boga yenye umbo kama la tango, akazipanga juu ya kaunta. Ndogo zote, hakuna iliyozidi urefu wa kidole. Upande wa kikonyo zilikuwa kijani na ngumu. Upande wa ua zilikuwa njano, zimesinyaa, na ncha zimelainika mpaka zinatoa maji.

"Zinaoza zingali changa," alisema. "Karibu shamba zima."

Kijana wa duka la pembejeo hakuzigusa. Aligeukia rafu, akashusha chupa ya dawa ya wadudu na pakiti ya dawa ya ukungu. Achanganye zote kwenye bomba moja la kupulizia, apige asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, arudie baada ya siku saba.

Mama akahesabu noti, akalipa, akaondoka.

Hakuna aliyeuliza habari za maua.

Ilikuwa Tengeru, nje kidogo ya Arusha, siku ya soko, mwanzoni mwa Juni, baridi ya Mlima Meru ikiwa imeshaanza kushuka. Mimi nilikuwa nimefuata mbegu tu. Lakini zile zukini zimenikaa kichwani tangu siku hiyo, nikipika, nikimwagilia, hata nikiwa kanisani. Kulikuwa na jambo katika yale mazungumzo mafupi ambalo halikukaa sawa, na kwa wiki kadhaa sikuweza kulisema ni lipi.

Sasa naweza.

## Ncha iliyooza

Zukini changa inayooza nchani inaweza kuwa imepitia mambo yasiyohusiana kabisa. Huenda ni ule ukungu wa wakati wa mvua, unaoanzia kwenye ua lililonyauka na kuota nywele nyembamba zenye vichwa vyeusi. Huenda ni kile wakulima wa nyanya wanachokiita kuoza kitako: tunda limeshakua, kisha kitako kikabonyea na kuwa cheusi, kikavu na kigumu, kwa sababu maji yalikuja kwa kuruka na kalsiamu haikufika mwisho wa tunda. Huenda ni inzi wa matunda. Hapo utaona tundu dogo, mara nyingi lina tone la utomvu, na ukipasua unakuta funza.

Au huenda tunda halikuchavushwa. Hili hukaa siku mbili tatu bila kukua, likaanza kuwa njano kuanzia nchani, likasinyaa. Kuoza huja mwishoni, juu ya kitu ambacho mmea wenyewe umeshakiacha.

Zile tano za kwenye kaunta hazikuwa na nywele wala tundu. Na hazikuwahi kukua.

Hata hivyo nilisita. Zukini tano si shamba. Ukungu nao hupenda kuvamia tunda lililokwisha kuachwa, kwa hiyo hata ningekuta nywele, bado ningebaki na swali la kipi kilitangulia. Kilichonisumbua zaidi ni neno moja la yale maelekezo ya dukani, ambalo kila mtu hulisema kwa nia njema: asubuhi mapema.

## Saa chache za ua

Shina moja la zukini huzaa maua dume na maua jike. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba. Ua jike hukaa juu ya kizukini kidogo ambacho tayari kina umbo lake. Kwa kawaida madume hutangulia, ndiyo maana wengi hulalamika kwamba maua ya kwanza yanapukutika bila kuzaa. Hilo si tatizo hata kidogo, ni utaratibu wake.

Ua jike hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Halifunguki tena kesho yake. Chavua ya zukini ni kubwa na inanata, upepo hauwezi kuibeba, kwa hiyo ndani ya saa hizo chache lazima nyuki aje, na aje zaidi ya mara moja. Nyuki wakija wachache mno, tunda huanza kukua kisha likawa nene upande wa kikonyo na jembamba nchani, au likaachwa kabisa.

Kule Amerika, ambako jamii hii ya mmea ilitokea, wapo nyuki maalumu wanaoishi kwa maua ya maboga na ndugu zake, na huamka kabla jua halijachomoza. Sisi hatuna hao. Tuna nyuki wa asali na nyuki wadogo wasiouma, na asubuhi ya Juni chini ya Meru, ukungu wa alfajiri ukiwa bado umelala juu ya migomba, nyuki wa asali husubiri hewa ipate joto kwanza. Muda unaobaki kati ya nyuki kutoka na ua kufunga ni mdogo sana.

Katika muda huo huo, bomba linaingia shambani.

Nilimkuta yule mama tena sokoni siku nyingine. Nilimwamkia, nikamwambia nilikuwa nyuma yake dukani na kwamba zile zukini zimeninyima amani. Alinitazama kidogo kisha akasema, "Basi njoo uone mwenyewe, mwanangu."

Nilifika kwake kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Maua yalikuwa yamefunguka, mapana, ya rangi ya chungwa, mengi kuliko nilivyotarajia. Juu ya petali nyingi kulikuwa na madoa meupe ya dawa iliyokauka. Tulikaa pale mpaka jua likashika mgongo. Nyuki tuliowaona walikuwa wa kuhesabika, na mstari wa mwisho, ule wa karibu na nyumba ya jirani anayepiga dawa nyanya zake karibu kila wiki, haukutembelewa na hata mmoja.

Tukafanya jaribio ambalo halihitaji fedha. Unachuma ua dume, unachana petali zake, unabaki na ule mchi wa katikati wenye unga wa njano, unaupaka taratibu ndani ya ua jike. Ua dume moja linatosha majike mawili au matatu. Tulipita mstari mmoja hivyo, kila ua tulilolipaka tukalifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Mistari mingine tukaiacha kama ilivyo, na mama akakubali bomba lipumzike kwanza.

Kabla wiki haijaisha, zenye uzi zilikuwa zimenenepa sawasawa toka kikonyoni hadi nchani. Nyingi za mistari mingine zilikuwa njano.

Mama aliinama, akashika uzi mmoja, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa ile dawa nilikuwa nampiga nani?"

## Siku saba

Hapa ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikinikereketa.

Tulisoma naye pakiti na chupa, polepole, nuru ikiwa nzuri. Kwenye lebo kuna mstari unaotaja siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna. Chupa yake iliandika siku saba.

Zukini huvunwa kila siku au siku moja baada ya nyingine. Kutoka ua kufunguka hadi tunda kufikia sentimita 15 au 20, ukubwa ambao hoteli na wachuuzi wa Arusha wanautaka, ni siku nne hadi saba kama kuna joto. Ukilichelewesha linakuwa gogo, mbegu zinakomaa, ngozi inakuwa ngumu, na mmea unapunguza kuzaa kwa sababu umeshatimiza kazi yake. Kwa hiyo mkulima wa zukini aliyepiga dawa ya siku saba ana njia mbili tu: atupe mavuno ya wiki nzima, au auze zukini yenye dawa mbichi.

Sote tunajua ni njia ipi inayofuatwa. Wala simlaumu mwenye ada ya shule ya kulipa.

Nyanya au kabichi unaweza kuipangia. Zukini haikupi nafasi hiyo, na ndiyo maana naamini hakuna mboga ambayo kupiga dawa kwa kubahatisha kunaiumiza zaidi, mmea na mlaji pamoja. Tunazila na ngozi yake. Watoto wanazila.

Nilirudi kuzungumza na yule kijana wa dukani, si kwa ugomvi. Aliniambia waziwazi kwamba mteja anayetoka mikono mitupu huingia duka la pili na kununua hiyo hiyo chupa. Bwana shamba wa kata ana vijiji vingi. Watu wanamletea yeye majani yaliyokunjwa kwenye gazeti na wanataka jibu palepale. Niliondoka na hasira kidogo kuliko nilivyoingia. Lakini mji huu huu wa Arusha, pamoja na viunga vyake, una makao ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, una kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru, una ofisi ya Kituo cha Mboga cha Dunia. Kati ya elimu iliyoko kwenye majengo hayo na ile kaunta pana barabara fupi sana, na inaniuma kwamba haipitiwi vya kutosha.

## Weupe wa majani

Baada ya maua, mama alitaka kunionyesha "ugonjwa mweupe". Alikuwa ameng'oa majani mengi kwa ajili yake.

Jani la kwanza alilonipa lilikuwa zima. Aina nyingi za zukini zina mabaka ya fedha kwenye majani, yamekaa kwenye pembe za mishipa, kwa mpangilio unaojirudia jani hadi jani. Mmea umezaliwa hivyo. Jani la pili lilikuwa limepauka lote upande wa juu, linang'aa, na chini yake walikuwepo watoto wa inzi weupe. Wakinyonya, jani hugeuka rangi ya fedha. La tatu ndilo lilikuwa na ubwiri unga wenyewe, ule ukungu mweupe kama unga.

Pitisha kidole. Ubwiri unga unafutika na kubaki kidoleni. Mabaka ya kuzaliwa hayafutiki, wala ule mng'ao wa inzi weupe.

Jambo moja kuhusu ubwiri unga huwachanganya watu wengi: hauhitaji jani lililolowa. Unastawi majani yakiwa makavu, kwenye kivuli, mimea ikiwa imebanana, na huanzia kwenye majani ya zamani karibu na ardhi. Ugonjwa mwingine, ubwiri vinyoya, ndio unaotaka maji juu ya jani, na wenyewe hutoa mabaka ya njano yenye kona, yaliyozuiwa na mishipa, na ukungu wa kijivu upande wa chini. Dawa inayofaa mmoja mara nyingi haimfai mwingine.

Kwa ubwiri unga nilimtajia maziwa. Alidhani natania, maana maziwa ni chakula na ni fedha. Lakini mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya zukini hasa, ndani ya banda la kuoteshea mimea: maziwa mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, yakapulizwa kila wiki, yalipunguza ugonjwa huo, na kwa viwango vya juu yalifanya kazi sawa au zaidi ya dawa za dukani alizolinganisha nazo. Watu wengi hutumia sehemu moja ya maziwa kwa tisa za maji. Hayaponyi jani lililokwisha kufunikwa. Yanasaidia ukianza madoa yakiwa machache. Na unapovuna kesho yake, huna siku za kuhesabu.

Mama ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Aliamua maziwa yanayobaki chini ya ndoo yaende shambani. Kwa majani mazee ya chini yaliyokwisha kuwa meupe, anayakata tu na kuyafukia.

## Kinachonyauka

Kwenye kona ya chini mashina kadhaa yalikuwa yamelala. Hapa nataka kusema kitu kuhusu video tunazotazama.

Ukitafuta sababu ya zukini kunyauka, utaonyeshwa mtu akipasua shina kwa kisu na kutoa funza mnene mweupe. Yule ni kiwavi wa nondo wa Amerika. Hayupo kwetu. Kijana wa mama alikuwa ameshapasua mashina mawili akimtafuta, na majeraha yale yalikuwa yameanza kuoza. Vivyo hivyo ule mnyauko wa bakteria unaosambazwa na mbawakavu wa matango, ambao Wamarekani wanauandika sana: ni habari ya kwao.

Kwetu anza na saa. Majani mapana ya zukini hulegea jua likiwa kali hata kama udongo una maji, na jioni yanasimama. Huo si ugonjwa, na kuyamwagia kila yakilegea kunaozesha mizizi. Shina lililolala hata alfajiri ndilo lenye shida.

Ling'oe moja, taratibu kwa jembe, utazame mizizi. Kitu hiki kimoja kingeokoa fedha nyingi. Mizizi ya mama ilikuwa imejaa uvimbe, vinundu juu ya vinundu: minyoo fundo, wale minyoo wadogo sana wa udongoni wanaoishi ndani ya mizizi. Ile kona ilikuwa na nyanya msimu uliopita, na kabla yake bamia. Nyanya, bamia na zukini wote ni chakula cha minyoo hao, kwa hiyo kila msimu alikuwa akiwaandalia meza upya.

Hakuna bomba la kuwatoa huko chini msimu ukiwa umeshaanza. Tulizungumza juu ya kupumzisha kona ile kwa nyasi za malisho ziitwazo Rhodes. Aina iitwayo Katambora hutumika Zimbabwe kwenye mashamba ya tumbaku kwa kazi hiyo hiyo, kwa sababu minyoo fundo haizaliani vizuri juu yake. Ng'ombe atakula. Udongo utapumzika. Lakini ni mwaka au zaidi bila mboga katika kipande kile, na nilimwona akipiga hesabu kichwani.

## Kung'oa

Mashina machache yalikuwa na majani yaliyojikunja, yenye malengelenge ya kijani kibichi juu ya njano, mengine yamechanika membamba. Matunda yake yalikuwa na nundu.

Nilijipa muda kabla ya kusema, kwa sababu dawa ya magugu ya mahindi ikipeperushwa na upepo nayo huyafanya majani ya zukini kuwa membamba hivyo. Ila dawa ya magugu huathiri upande mzima wa shamba, ule uliopata upepo. Haya yalikuwa moja hapa, moja kule, na nundu za matunda zilimaliza ubishi. Vilikuwa virusi.

Kimojawapo cha virusi hivi, cha mozaiki ya njano ya zukini, kilipatikana kwanza Italia mwaka 1973, kaskazini, huko huko ambako zukini yenyewe ilikuzwa ikawa mboga tunayoijua. Kinabebwa na vidukari, wadudu wadogo wanaonyonya utomvu. Kidukari akionja mmea mgonjwa kwa sekunde chache anakibeba, akionja mzima kwa sekunde chache anakiacha. Dawa ya wadudu haiwahi. Anakufa akiwa ameshaambukiza, au anahangaika na kuonja mimea mingi zaidi.

Kwa hiyo hakuna tiba. Unang'oa, unatoa nje ya shamba.

Ni rahisi kuandika. Kumwambia mtu ang'oe shina lenye maua, lenye matunda matatu yanayokua, ni kitu kingine. Mama alikataa siku ile. Siku niliyorudi, ugonjwa ulikuwa umeruka kwenye mashina ya jirani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kung'oa. Msimu ujao atapanda mahindi kuzunguka kingo, wiki mbili tatu kabla ya zukini, ili vidukari wanaoingia watue kwanza huko na kusafisha midomo yao kwenye mmea usiougua virusi hivyo.

Mbegu asichukue kutoka kwake mwenyewe, hilo nililisisitiza kwa sababu nyingine pia. Zukini huchanganyika kirahisi na maboga ya mapambo, na kizazi kinachofuata kinaweza kuwa kichungu kwa sumu iitwayo kukurbitasini, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2015, Heidenheim nchini Ujerumani, mzee mmoja alifariki baada ya kula zukini chungu za bustanini. Onja kipande kibichi kabla ya kupika. Kikiwa kichungu, tema, tupa yote.

## Tundu la inzi

Limebaki jambo ambalo mama hawezi kulimaliza peke yake.

Jua la Septemba likianza, inzi wa matunda watarudi. Alishanunua mtego mwaka jana na haukukamata kitu cha maana, akakata tamaa na mitego yote. Nilipouona nikaelewa: ndani yake kulikuwa na methili eujenoli, kivutio cha inzi wa maembe, yule aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2003, kisha akaenea. Inzi mkuu wa matikiti na zukini hafuati harufu hiyo. Dume lake hufuata kivutio kingine kiitwacho kyulua. Na vyote viwili hukamata madume tu, wakati anayetoboa zukini ni jike. Jike hufuata chambo cha protini, kwa kuwa anaihitaji kabla ya kutaga.

Hata hivyo mtego bila usafi ni kazi bure. Kila zukini iliyotobolewa na kutupwa kando ya shamba inalea funza, wanashuka udongoni, wanageuka inzi wapya. Zifukiwe chini kina cha nusu mita, au zifungwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani mpaka funza wafe.

Mama amechimba shimo lake. Sasa anapiga dawa akilazimika tu, jioni maua yakiwa yamefunga, na ile chupa ya siku saba ameiweka kando kwa ajili ya kabichi. Majirani zake wawili kwenye mfereji ule ule wamechimba pia baada ya kuona nyuzi nyekundu na kuuliza ni za nini. Jirani wa nyanya bado anatupa matunda yaliyooza mferejini na bado anapiga dawa asubuhi. Mama ameniambia ataenda kuzungumza naye Jumapili baada ya ibada, na ameniomba niende naye.